Mashina Machache ya Nandete: Uchambuzi wa Kisa cha Wakulima wa Pamba wa Umatumbi, 1905

Mwezi wa Julai mwaka 1905, watu wawili wa Nandete, katika milima ya Umatumbi ambayo leo iko wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, waliingia kwenye shamba la pamba lililolimwa kwa amri ya Wajerumani wakang'oa mashina machache. Majina yao yamebaki katika simulizi za wazee wa huko: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakuanza kwa kuchoma nyumba wala kwa kumwaga damu. Walianza na pamba.

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua kilichofuata, maana hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanzia. Lakini tulivyofundishwa, tulikimbilia mno kwenye maji na risasi. Akatokea mganga, akatoa dawa, risasi zikakataa kugeuka maji, watu wakafa. Shamba lenyewe tulilipita kama mtu anavyopita njiani kwenda kwingine. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya wakulima wa ufuta na mtama hukuhuku kusini, na kila nikirudi kwenye kisa hiki nasimama palepale shambani. Naona wakulima waliojua wanadai nini, waliojipanga kwa takriban mwaka mzima, na waliochagua wakati wa kuanza kwa hesabu ambayo mwenye jembe yeyote ataielewa. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Zamu

Gavana Götzen wa Ujerumani alishika koloni mwaka 1901. Serikali yake ilitaka koloni ijilipie gharama zake, na viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitaka pamba ambayo haitegemei Marekani. Kuanzia mwaka 1902 ukaanzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, aliamriwa afungue shamba, na watu wake walilime. Jumbe alikuwa chini ya akida, msimamizi wa vijiji vingi, na akida chini ya boma, yaani ofisi ya Wajerumani ya wilaya. Akida wa Umatumbi alikaa Kibata na jina lake lilikuwa Seif bin Amri. Alikuwa mtu wa pwani aliyepandishwa milimani na serikali. Wamatumbi hawakuwa na mtemi wala mfalme. Kila ukoo ulikuwa na mzee wake, na mambo yalizungumzwa yakaisha. Cheo cha akida hakikutoka kwao, na hapakuwa na baraza lao lolote la kumwondoa.

Katika wilaya ya Dar es Salaam, ambako mpango huu ulijaribiwa mapema, mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu la wafanyakazi, fungu la jumbe, fungu la mfuko wa wilaya. Siku za kazi zilipangwa 28 kwa mwaka. Hesabu ilipofungwa, kila mfanyakazi aliambulia senti 35. Wako waliokataa hata kunyosha mkono kuzipokea. Iweke hiyo pembeni ya kodi ya kibanda iliyotozwa tangu mwaka 1898, rupia 3, uone mwenyewe.

Umatumbi palikuwa na mzigo juu ya mzigo. Mbali na shamba la jumbe, kulikuwa na pamba ya kulimwa Samanga, kule pwani. Wazee waliosimulia habari hizi baadaye walieleza mpangilio wake vizuri: kazi ilikwenda kwa zamu. Kila kijiji kilipewa siku zake za Samanga na siku zake za shamba la jumbe. Kila kaya ilitoa mtu mmoja. Unaweza kuambiwa siku tano, unaweza kuambiwa kumi. Na huko hukwenda peke yako na jembe lako. Kiboko cha kuchapia nacho kilikuwako.

Sasa tuichukue kaya moja ya kilimani, mume na mke na watoto, mwezi wa Aprili. Mtama umeanza kutoa masuke. Huku kusini hiyo ndiyo miezi ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Unapanda alfajiri kabla ndege hawajaamka, una kombeo na rundo la madonge ya udongo miguuni, na hushuki mpaka jua lizame. Ukishuka kwenda kula, ndege nao wanakula. Sauti inakukauka kwa kupiga kelele. Usiku unaingia wakati wa nguruwe, na nguruwe hataki wiki nzima: kundi moja likiingia kwenye muhogo usiku mmoja, asubuhi unakuta ardhi imefukuliwa kana kwamba imelimwa. Kuamia ndege mchana na kulinda usiku ni kazi ya watu wazima wawili wanaopokezana, na hata hivyo wanachoka. Hapo ndipo jumbe anapopita kusema mume aende Samanga siku kumi. Akirudi hajakaa sawasawa, zamu ya shamba la jumbe imefika. Na pamba nayo ndiyo wakati wake wa palizi. Pamba haivumilii majani, ukiichelewesha imedumaa. Kwa hiyo mtu anainama kutwa kupalilia pamba ya serikali huku akijua kwamba nyumbani mtama wake mwenyewe unasongwa, na juu ya dungu amekaa mtoto wa miaka tisa.

Ndiyo maana siamini kwamba donda kuu lilikuwa senti 35. Lilikuwa donda, nakubali, na watu walilitaja. Lakini malipo hata yangekuwa mazuri, siku kumi za Aprili hazinunuliki. Shamba la chakula lina siku zake. Zikipita, hakuna fedha itakayozirudisha, na njaa yake utaiona miezi mingine kabisa, wakati aliyekupeleka Samanga ameshasahau jina lako. Madai ya Wamatumbi, ukiyachambua hadi chini, ni madai ya mtu kumiliki siku zake.

Pa kulalamikia

Anayeuliza kwa nini hawakupeleka malalamiko kwanza, namrudisha kwenye ngazi ileile. Ulalamike kwa jumbe? Jumbe naye alikuwa na akida mgongoni, na shamba lisipotoa pamba ya kutosha aliyeadhibiwa kwanza ni yeye. Ulalamike kwa akida? Akida ndiye mlalamikiwa. Uende boma, Kilwa? Boma lilisikiliza kupitia kwa akida, na Kilwa Kivinje penyewe pana mahali ambapo mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, baada ya kupigana na Wajerumani. Miaka kumi si mingi. Watu waliokuwa wakishuka Kilwa na mizigo yao walipita wakapaona.

Palibaki kutoroka, na kutoroka ni haki ya zamani ya mkulima. Lakini anayetoroka anaacha muhogo ardhini na makaburi ya wazee wake, na huko aendako atakuta jumbe mwingine na shamba jingine.

Njwiywila

Katikati ya mwaka 1904, Ngarambe, upande wa Rufiji, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aliyejulikana kwa jina la Hongo. Akaanza kutoa dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Alisema watu wote ni wamoja, koo zote, na kwamba dawa hiyo itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Habari hizi zilisambaa Umatumbi kwa njia iliyoitwa njwiywila, maneno ya siri ya mdomo hadi sikio. Kilichomo ndani ya njwiywila, kama wazee walivyokisimulia, kinastahili kusomwa polepole. Waliambizana kwamba mwaka huu ni wa vita, kwa sababu Ngarambe kuna mtu aliyepandwa na pepo mwenye nguvu. Kwa nini vita? Kwa sababu tunateseka, maakida wanatuonea, tunafanya kazi bila malipo. Angalia mpangilio wake: dawa imetajwa, lakini sababu iliyotolewa ni kazi na malipo na uonevu wa viongozi. Ukiufuta mstari wa pepo, unabaki na hoja ambayo mkutano wowote wa wakulima ungeweza kuiandika kwenye kumbukumbu zake.

Njia waliyoipita ilikuwa imekwisha kuchongwa zamani. Kabla ya Kinjikitile, watu wa nchi hizi walikuwa wakienda kwenye mzimu wa Bokero, kwenye mto Rufiji, kupeleka shida zao za mvua na mazao. Kwa hiyo kundi la watu wa ukoo mmoja kufunga safari kwenda kuomba heri ya shamba halikuwa jambo la kushtua. Ukoo baada ya ukoo walikwenda, wakarudi. Aliyekunywa maji ya Ngarambe alimjua mwenzake aliyeyanywa, hata kama babu zao walikuwa na ugomvi wa mipaka. Kwa watu wasio na mtemi wa kuwaita wote kwa ngoma moja, hili lilikuwa kubwa kuliko dawa yoyote. Bila hilo, kila kijiji kingekataa zamu peke yake na kuchapwa peke yake.

Sitaki kuificha gharama yake. Ahadi ya risasi haikuwa kweli, na kuna watu walioiamini wakasimama wima mbele ya bunduki za rashasha. Mkusanyiko uliojengwa kwa uangalifu namna ile ulibeba ndani yake neno moja lililowaua walioukusanya. Linaniuma kila mara. Lakini yanipasa kusema pia kwamba sijui ni neno gani jingine, mwaka 1904, lingemfanya mtu wa mlimani aone inawezekana kusimama mbele ya askari.

Kwa nini Julai

Kinjikitile aliwaambia watu warudi makwao wangoje amri yake. Wamatumbi hawakungoja. Wanaokieleza kisa hiki kwa haraka husema watu wa Nandete walikosa subira, na wengine huenda mbali zaidi wakasema haraka hiyo ndiyo iliyoharibu vita, kwa sababu Wajerumani walizinduka kabla nchi nzima haijawa tayari. Inawezekana kweli haraka iligharimu. Ila nadhani lawama hiyo imetolewa na mtu ambaye hajapanda pamba.

Pamba ya ukanda huu hupandwa mvua za mwanzo wa mwaka na huanza kupasuka wakati wa kipupwe. Julai ndiyo inaingia kwenye kuchumwa. Palizi imekwisha, siku za Samanga zimekwisha kutolewa, na kilichobaki ni kuichuma na kuishusha pwani. Anayengoja hadi Septemba au Oktoba anakuwa ameshaichuma, ameshaibeba, ameshaikabidhi. Kazi yake ya mwaka mzima imepanda jahazi. Zaidi ya hapo, baada ya kuchuma unakuja ufyekaji wa mashamba mapya, na zamu zinaanza upya. Mkulima anayetaka kugoma ana dirisha dogo: baada ya jasho kuwekwa, kabla mazao hayajaondoka. Hapo tu ndipo mwenye shamba anapoumia. Wakulima wa leo wa korosho wanaokataa kuuza mnadani mpaka bei ipande wanalijua dirisha hilo. Wanakataa ikiwa korosho iko ghalani, hawangoji ishapakiwa melini. Kinjikitile alikuwa na kalenda yake ya nchi nzima. Nandete walikuwa na kalenda ya pamba, nayo haikuwa na nafasi ya kusogezwa.

Na kile kitendo chenyewe. Mpamba una mzizi mmoja mkuu unaozama moja kwa moja, na kipupwe udongo wa kilimani umekwisha kushikana. Hauung'oi kwa mkono mmoja. Unainama, unaushika shina kwa mikono miwili karibu na ardhi, unauyumbisha huku na huku mpaka uusikie umelegea chini, ndipo unauvuta, na gamba lake linakuachia mchubuko viganjani. Mkulima wa pamba anaifanya kazi hiyo baada ya mavuno, anakusanya mashina anayachoma wadudu wasibaki. Kuung'oa ukiwa bado na vitumba vyake hakuwezi kufanywa kwa bahati mbaya wala kusingiziwa nguruwe. Aliyeliona shamba lile asubuhi alijua ni mikono ya watu, na alijua wametaka ajue.

Walichukua mashina machache tu. Kama nia ingekuwa kuharibu, shamba zima lingefyekwa usiku ule. Machache yalitosha kumfanya jumbe apeleke habari Kibata na akida atume watu, na hicho ndicho kilichotakiwa: akida atoke, jambo liwe hadharani. Wazee wenyewe walisimulia kwamba kung'oa pamba kulikuwa ndiko kutangaza vita.

Watu wakaizunguka Kibata, akida akakimbilia pwani. Tarehe 31 Julai wakashuka Samanga, wakaharibu pamba na kituo cha biashara kilichokuwapo. Iweke ramani mbele yako uhesabu walikopita siku zile za mwanzo: shamba la Nandete, makao ya akida Kibata, pamba ya Samanga. Ni vituo vya safari ileile ambayo zamu iliwapitisha mwaka baada ya mwaka. Walikwenda walikokuwa wakipelekwa, ila safari hii kwa miguu yao wenyewe. Kundi lililopagawa, kama ripoti za wakubwa zilivyopenda kulieleza, lingekwenda popote.

Baada ya Samanga

Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita haikufa naye. Liwale, Umwera, Masasi, Mahenge, Ungoni, moto ulikwenda mpaka mwaka 1907, na huko mbele sababu zilichanganyika. Si kila aliyenyanyuka alinyanyuka kwa pamba, na uwanda wa Wamakonde kwa sehemu kubwa ulibaki nje. Habari hizo zinahitaji uchambuzi wao.

Wajerumani waliona kwamba watu wa msituni hawashikiki kwa risasi, wakageukia chakula. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa, na kulima upya kukazuiwa. Serikali yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye walifikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo jambo lililoanza na mtu kunyimwa siku za kulinda mtama wake likaishia kwa mtama wenyewe kufanywa silaha dhidi yake. Sehemu za bara la Kilwa na Liwale zilibaki tupu kiasi kwamba pori na wanyama walichukua palipokuwa mashamba, na baadaye mipaka ya hifadhi ikachorwa juu yake.

Mpango wa pamba ya pamoja haukurudishwa. Gavana Rechenberg, aliyeingia mwaka 1906, aliegemea zaidi kwa Mwafrika kulima zao lake la biashara mwenyewe na kuuza mwenyewe. Kodi ilibaki, kazi za lazima hazikwisha, lakini shamba la jumbe la pamba, lile la zamu, lilikwisha. Katika kupima kisa hiki nalisema hili bila kusita: dai la msingi la Nandete lilipatikana. Nalisema pia kwamba wengi wa waliolidai hawakuwa hai.

Miaka 30 tu baadaye, Songea, ambayo wakati wa Waingereza ilikuwa katika Jimbo la Kusini lililotawaliwa kutoka Lindi, wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo walikuwa na chama kikuu cha ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1936 chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Ushirika ule ulikuwa na kasoro zake, na mkono wa serikali ulikuwa mzito juu yake. Hata hivyo palikuwa na mizani, daftari, na mahali mkulima anaweza kusimama akasema uzito huu si wangu. Mwaka 1905 Umatumbi hapakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kudai uhuru, aliieleza Maji Maji kuwa vita vya watu waliokataa kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala. Yeye na TANU walichagua njia isiyo ya damu, na mmoja wa walioonyesha bei ya damu ni huyu mkulima wa kilimani.

Nandete leo ina mnara wa kumbukumbu. Miaka ya 1960, watafiti kutoka Dar es Salaam walipanda milima hiyo na madaftari kuwauliza wazee waliokuwa vijana wakati ule. Waliulizwa habari za vita. Walisimulia vita, walisimulia Ngarambe na Hongo. Lakini miaka 60 ilikuwa imepita, na bado walikumbuka kila kijiji kilikuwa na siku zake, kila kaya ilitoa mtu mmoja, Samanga siku tano, Samanga siku kumi.